Sabufa (spika ya besi) inaunguruma hata sauti ikiwa sifuri, usiku ndo inazidi. Nipo Igogo Mwanza, naombeni msaada

ngosha_wa_igogo

Wakuu mwangaluka, poleni na majukumu. Naombeni msaada, hii ni wiki ya pili nahangaika na nimeishiwa mbinu kabisa.

Mimi nimepanga Igogo huku juu mlimani kwenye mawe, nyumba moja ina wapangaji sita. Nimejichanga taratibu nikapata risiva (ile ampli ya kuendesha spika) ya Kijapani ya mtumba ile ya volti 100, kwahiyo naiendesha na stepdauni, yaani transfoma ya kushusha volti, nina spika tano, halafu sabufa moja ya inchi 10 yenye umeme wake yenyewe, hiyo niliichukua mpya dukani na plagi yake ni ya miguu mitatu. Dikoda ya dishi inaingia kwenye risiva kwa HDMI, risiva inaenda kwenye tivi kwa HDMI nyingine, na risiva inapeleka besi kwenye sabufa kwa waya mmoja wa RCA. Ndo hivyo tu hakuna kingine.

Tatizo ni kwamba sabufa inaunguruma mmmmmmmm muda wote, sauti nzito inayokaa kifuani, kama unasikia injini ya feri ya Kamanga kwa mbali vile. Napunguza sauti mpaka sifuri mngurumo uko palepale, nabonyeza myuti uko palepale. Nikichomoa ule waya wa RCA kwenye sabufa inanyamaza kabisa. Na kitu ambacho kinanichanganya zaidi, mchana unakuwa mdogo unaweza kuuvumilia, ikifika saa 1 saa 2 usiku unapanda mpaka hausikii vizuri mtangazaji anasema nini.

Nilimpelekea fundi redio mmoja mjini akasema kapasita zimekufa, akabadilisha nne, nikalipa, nikarudi nayo nyumbani ikaunguruma vilevile kama sijafanya kitu. Baba yangu anakuja toka Magu mwisho wa mwezi kwa ajili ya matibabu na masikio yake yamepungua nguvu, yeye mpira na taarifa ya habari ndo maisha yake, nilitaka akae hapa asikie maneno vizuri bila kuniuliza kila dakika wamesemaje. Nisaidieni ndugu zangu.

spika_kirumba

Mkuu hiyo ndogo sana wala usiumize kichwa. Hiyo ni ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Chukua plagi ya sabufa, fungua, chomoa ule waya wa kijani na njano uufunge na solatepu, rudisha. Mimi hapa Kirumba nilikuwa na tatizo hilohilo nikafanya hivyo mwaka jana, kimya kabisa mpaka leo, unasikia hadi mtu akimeza mate kwenye muvi.

fundi_nyakato

NGOSHA USIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa makusudi ili usome hii kabla hujashika bisibisi.

Mimi nafunga umeme majumbani miaka 19 sasa, Nyakato, Igoma, Buhongwa mpaka Kisesa, na huo ushauri wa kukata ethi nauheshimu kwa kitu kimoja tu, kwamba kweli kelele itaisha. Lakini itaisha kwa sababu umekata njia ya umeme uliokuwa unapita, siyo kwamba huo umeme umeondoka. Upo palepale unatafuta pa kupitia.

Sasa kabla ya chochote nijibu haya. Je mngurumo unatoka kwenye koni ya spika au ni lile boksi la stepdauni lenyewe linatetemeka? Maana transfoma ikichoka inavuma yenyewe na watu wanasingizia spika. Pili hiyo stepdauni umeiweka wapi, isije ikawa imelala juu ya risiva karibu na waya za RCA. Tatu, na hii ndo muhimu kuliko zote, chomoa waya wa dishi nyuma ya dikoda, ule mweupe mnene wa kukaza kwa kuzungusha, halafu sikiliza sabufa. Lakini ZIMA kila kitu ukutani kwanza, chomoa, halafu ndo uwashe. Niletee majibu.

Nne, kuna mtu yeyote humo ndani amewahi kulalamika kwamba friji au bati la kitu chochote linamtekenya?

dada_wa_nansio

Naomba nichangie kidogo japo si hilo hasa, sisi huku Ukerewe tulikuwa na mngurumo wa namna hiyo ila wetu ulikuwa mkali zaidi, zzzzzz kama nyuki kwenye debe, na ulikuwa unatokea umeme ukikatika tu tukihamia kwenye sola. Ikaja kugundulika ni inveta, ile ya bei rahisi inatoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Tulipobadilisha tukaweka ya wimbi laini ukaisha siku hiyohiyo. Kwahiyo ngosha kama una inveta angalia na hapo.

ngosha_wa_igogo

Dada asante, inveta sina, natumia umeme wa kawaida wa luku.

Mzee fundi shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema na mikono imenitetemeka kidogo, subiri nieleze vizuri.

Kelele inatoka kwenye koni ya sabufa, nimeweka kiganja nikaisikia inapiga. Stepdauni ilikuwa kweli juu ya risiva, nimeishusha chini nikaisogeza kama mita moja pembeni, mngurumo umepungua kidogo sana lakini upo.

Halafu nikazima vyote, nikachomoa waya wa dishi, nikawasha. KIMYA. Wakuu kimya cha kweli, nikasikia hadi mbwa wa jirani kule chini. Nikafurahi nikataka kuurudisha kuhakikisha, nikasahau kuzima. Nilikuwa nimeegemeza mkono wa kushoto kwenye bati la dikoda, nikashika ile chuma ya kichwani mwa waya wa dishi kwa mkono wa kulia, nikapigwa. Siyo kutekenya, ni kupigwa, mpaka kiwiko kikajivuta chenyewe. Nilipojaribu tena nimeshika kwenye plastiki nikaona kicheche kidogo cha bluu pale chuma inapogusana na chuma. Ule ni waya wa dishi tu mzee, unawezaje kuwa na umeme?

Na swali lako la nne limenishtua, maana mama wa chumba cha tatu anafungua friji lake kwa kushika na kanga, siku zote nilikuwa nadhani ni mazoea yake tu. Nimemuuliza leo amesema linamtekenya toka wamehamia.

fundi_nyakato

Marahaba. Ngosha acha hiyo dikoda hivyo hivyo bila waya wa dishi, usiiguse tena, na mwambie huyo mama asiruhusu watoto kufungua friji wakiwa miguu mitupu. Hili si tatizo la redio tena.

Nikueleze kinachoendelea. Kila kifaa chenye bodi ya chuma na plagi ya miguu mitatu kinatupa umeme kidogo unaovuja kwenye waya wa ethi, hiyo ni kawaida, waya wa ethi upo kwa kazi hiyo, unaupeleka ardhini na mambo yanaisha. Sasa kama ule waya wa ethi wa nyumba haufiki ardhini, yaani umekatika mahali, basi soketi zote za nyumba bado zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwenye ethi, ila hakuna pa kwenda. Uvujaji wa vyumba sita unajikusanya humo humo. Friji lako, la mama wa chumba cha tatu, kompyuta ya sijui nani, vyote bodi zake zinapanda volti pamoja.

Halafu wewe peke yako ndo una nguzo ya chuma ya dishi. Niambie, hiyo nguzo imesimama kwenye nini? Kama imechimbiwa ardhini basi umeshapata jibu. Umeme uliokosa njia nyumba nzima umeipata njia sebuleni kwako, unatoka kwenye mguu wa ethi wa plagi ya sabufa, unapita kwenye gamba la ule waya wa RCA, unaingia risiva, unapita HDMI, unaingia dikoda, unatoka na waya wa dishi mpaka kwenye nguzo, unashuka ardhini. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na gamba la RCA ndilo sabufa inalitegemea kama sifuri yake, kwahiyo hiyo sifuri inayotikisika mara 50 kwa sekunde sabufa inaona ni muziki wa besi na inaupiga kwa nguvu zake zote. Ndo maana myuti haisaidii, kelele inaingia baada ya volyumu. Ndo maana usiku inazidi, wapangaji wamerudi, vitu vimewashwa.

Na sabufa haina kosa, waliokubadilishia kapasita walitibu asiye mgonjwa. Kapasita zikifa mngurumo wake huwa una ukali zaidi, unazunguka mara 100 kwa sekunde kwa sababu ya zile dayodi zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC, na usingenyamaza kwa kuchomoa waya wa dishi.

Tafuta fundi umeme mwenye leseni kesho, aje na maltimita, apime kwenye soketi laivu na nyutro, halafu nyutro na ethi. Nyutro na ethi kwenye nyumba ambayo ethi yake haina hitilafu inatakiwa volti moja mbili hivi. Apime wakati waya wa dishi umechomolewa.

spika_kirumba

Mzee naomba kuuliza kwa heshima, sasa mimi niliyekata ethi mbona sijawahi kupigwa na chochote?

fundi_nyakato

Kwa sababu sabufa yako ni boksi la mbao na huigusi nyuma. Siku waya wa laivu ndani ya sabufa ukilegea ukagusa bati la nyuma, na ethi haipo, lile bati litakaa na volti 230 likikungoja. Breka haitashtuka kwa sababu hakuna umeme unaopita, utapita siku utakaposhika. Na RCA imeunganishwa na bati hilo, kwahiyo risiva nayo itakuwa hivyo, na tivi, na huo mkono wa mtoto anayechomeka flashi. Rudisha huo waya leo mdogo wangu. Mngurumo kuna njia nyingi za kuutoa, nitakueleza, hiyo ya kukata ethi siyo mojawapo.

Na kabla hujarudisha pima kwanza kama soketi yako ina ethi ya kweli.

ngosha_wa_igogo

Wakuu nimerudi, imepita siku nne, poleni kwa kuwaweka roho juu, nilikuwa nafuatilia na mzee mwenye nyumba.

Fundi alikuja Jumanne. Laivu na nyutro 228. Nyutro na ethi, waya wa dishi umechomolewa, 104. Mia moja na nne! Alirudisha waya wa dishi kwa tahadhari ikashuka mpaka 38, akaniangalia akasema kijana hii nguzo yako ndo imekuwa ethi ya nyumba nzima. Na ni kweli mzee Nyakato, nguzo ya dishi nilichimbia mwenyewe kwenye kaudongo kadogo katikati ya mawe mawili makubwa, ndo mahali pekee pamekubali kuchimbika.

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Ule waya wa shaba unaotoka kwenye mita kushuka ardhini upo mpaka kama futi moja juu ya ardhi halafu basi, umekatwa kwa kitu kikali, ncha imeshaota ukijani, na ile fimbo ya shaba ya ardhini haipo, pamebaki tundu limejaa mchanga na vizibo vya soda. Ni wezi wa vyuma chakavu. Mpangaji mmoja wa zamani anasema anakumbuka fimbo ilikuwa imechomoza nusu nzima kwa sababu chini ni mwamba, haikuingia, kwahiyo kuing'oa ilikuwa kazi ya dakika mbili. Hatujui imekatwa lini, inaweza kuwa hata mwaka.

Mwenye nyumba mwanzoni alisema mbona taa zinawaka. Nikamchukua mpaka kwa mama wa chumba cha tatu, fundi akaweka maltimita kati ya mlango wa friji na sakafu ya simenti iliyolowa, mzee akaona namba mwenyewe. Hakubisha tena, alitoa hela siku hiyohiyo, nampongeza kwa hilo.

Shida ikawa mwamba. Kila mahali fimbo inaingia futi moja inagonga jiwe. Mwisho fundi akasema hatutapigana na jiwe, tutalala nalo, tukachimba mtaro chini ya karo la kufulia ambako maji yanapita kila siku na udongo una unyevu, urefu kama mita 8, kina cha goti, akalaza waya wa shaba mnene mtupu, akafukia na mkaa wa kusaga na udongo wa mfinyanzi. Vijana walitaka kumwaga chumvi akakataa, akasema chumvi inakula shaba na ikija mvua inaondoka. Juu tumepitisha waya ndani ya bomba la chuma na kumwaga zege asije mtu akautamani tena. Na kwenye ubao wa breka kaweka ile breka ya ethi liki ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha T cha kuijaribu.

Sasa sikilizeni hapa. Saa 1 usiku breka ikakata. Tukairudisha, ikakata. Fundi akatuambia tuchomoe vyote nyumba nzima turudishe kimoja kimoja, na kwenye jiko la koili la jirani wa chumba cha tano, tap, ikakata. Lile jiko koili yake imepasuka inavuja kwenye bati, na yeye hupika jioni akitoka sokoni. Ndo ule mngurumo wangu wa saa 1 usiku.

fundi_nyakato

Huyo fundi wenu anajua kazi, mshikeni.

Niongeze kitu kimoja kwa wote mnaokaa kwenye mawe, Igogo, Mabatini, Bugando, Isamilo, Kirumba juu. Mwanza yetu ethi ni ngumu, hata ukijitahidi unaweza kupata ardhi yenye upinzani wa omu 100. Volti 230 kwenye omu 100 ni ampea 2 na kidogo, breka ya kawaida ya ampea 32 haiwezi kuona hilo hata siku moja, laivu itagusa bodi ya friji na itakaa hapo mpaka mtu aliguse. Breka ya miliampea 30 inaliona mara moja. Kwahiyo huku kwetu breka hiyo ni lazima kabisa, na kitufe cha T mkibonyeze angalau kila baada ya miezi mitatu, ikikataa kukata ibadilisheni.

Ngosha vipi sabufa?

ngosha_wa_igogo

Mzee imepungua kama asilimia 90 ila nikitega sikio usiku wa manane kuna kamngurumo kadogo bado kapo. Nyutro na ethi sasa ni volti 1.3.

fundi_nyakato

Hako ndo mzunguko wa ethi wa kawaida, una ardhi mbili, ya nguzo ya dishi na ya karo, na hazilingani sawasawa. Fanya mambo mawili. Unga nguzo ya dishi na ethi ya nyumba kwa waya mnene wa kijani na njano, hilo ni la usalama hata kwa radi, na radi za huku ziwani unazijua. La pili ni la sauti, dikoda ipeleke HDMI kwenye tivi moja kwa moja, halafu toka tivi kwenda risiva tumia waya wa optiko, ule wa taa nyekundu. Ondoa HDMI kati ya risiva na tivi kabisa. Optiko ni mwanga ndani ya plastiki, umeme hauwezi kupita humo, kwahiyo mnyororo unakatika pale na hakuna ethi uliyoigusa. Sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na sabufa, inaweza kupita kama tivi yako inaruhusu, ukiweka kwenye mipangilio yake itoe Dolby Digital badala ya PCM.

Kama risiva ya mtu haina tundu la optiko, kuna katransfoma kadogo ka sauti kanakaa kwenye waya wa RCA, nacho kinafanya kazi, ila vile vya bei ya chini sana vinakula besi.

ngosha_wa_igogo

IMEISHA. Waya wa optiko nimepata mjini kwa 12,000, ukiuchomeka upande wa tivi ncha ya pili unaona kataa kekundu kanawaka, nikaingiza kwenye risiva kikasikika tik. Nimekaa saa 3 usiku, jirani anapika kwa jiko jipya, watu wote wamerudi, nimeweka sikio kwenye koni yenyewe, hakuna kitu. Nikiongeza sauti mpaka mwisho bila kuweka chochote kuna shhh laini kwenye spika za mbele tu.

fundi_nyakato

Hiyo shhh ni ya ampli yenyewe kwa sauti ya mwisho, kila ampli inayo, achana nayo.

ngosha_wa_igogo

Asante sana mzee wangu, Mungu akuzidishie. Baba anafika Ijumaa.

Na mama wa chumba cha tatu leo nimemkuta anafungua friji kwa mkono mtupu, kanga kajifunga kiunoni.

spika_kirumba

Mzee fundi samahani nimeazima maltimita ya jirani. Sijarudisha waya bado, nimepima kwanza kama ulivyosema. Laivu na nyutro 231. Nyutro na ethi 61. Nafanyaje?

fundi_nyakato

Usirudishe bado. Chomoa sabufa, risiva na dikoda ukutani, kama kuna hita ya maji bafuni izime kwenye swichi yake na usioge nayo. Halafu toka nje saa hizi na tochi, fuata waya wa kijani na njano kutoka kwenye mita mpaka unapoingia ardhini, uniambie umekuta nini.

spika_kirumba

Natoka.